Ndege ya Watu Watano

Leo tuzungumze juu ya ndege, ila hizi sizo za kukatiwa tiketi na kusubiri mhudumu apite na kitoroli cha chai. Nazungumzia ndege ambayo mwenyewe anaweza kuifungua bawa, kulilaza juu ya gari, akaivuta iliyobaki kwa tela na kurudi nayo nyumbani. Wanaoirusha huiita maikrolaiti. Ina viti viwili, mara nyingine kimoja. Injini yake haizidi nguvu ya injini ya gari dogo, na katika aina moja bawa zima ni kitambaa kilichovishwa juu ya mabomba ya alumini. Neno langu juu yake ni moja, na nalisema mapema ili ujue tunakokwenda: ndege hii inaweza kumilikiwa na mwalimu wa sekondari, fundi wa magari, muuguzi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mkulima wa vitunguu, watu watano waliochanga fedha zao, na umefika wakati sisi wa Afrika Mashariki tuanze kuifikiria hivyo.

Najua kuna atakayeguna. Kwetu ndege ni mali ya serikali, ya shirika, au ya tajiri mwenye ranchi isiyoonekana mwisho. Hata ubishi wetu wa vijiweni huwa wa ndege kubwa tu. Tanzania ilipopokea zile Bombardier Q400 mwaka 2016, watu walibishana mchana na usiku juu ya pangaboi, kana kwamba ndege yenye pangaboi ni ya kizamani na imeletwa kwetu kwa kudharauliwa. Pangaboi ndilo linalorusha karibu kila ndege ndogo duniani. Hizi ninazozizungumzia leo nazo zina pangaboi, mara nyingi likizunguka nyuma ya mgongo wa rubani.

Habari ya bawa la kitambaa inaanzia jikoni. Mwaka 1948, katika jimbo la Virginia, Marekani, mhandisi Francis Rogallo, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya serikali ya mambo ya anga, alikuwa akitafuta bawa lisilo na mifupa mingi, bawa linaloshikwa na upepo wenyewe mpaka likapata umbo. Alifanya utafiti huo nyumbani, nje ya saa za kazi, pamoja na mkewe Gertrude. Kishada chao cha kwanza kilichofanikiwa kilishonwa kwa pazia la jikoni. Baadaye NASA ililichukua wazo hilo ikitaka kuvitua vyombo vya anga za juu vya Gemini kwenye nchi kavu, ikahangaika nalo miaka kadhaa, kisha ikaliacha na kurudi kwenye miavuli na bahari.

Walioliokota ni watu wa kawaida. Mwaka 1963, huko Grafton, Australia, John Dickenson alilifunga bawa la namna hiyo kwenye fremu ya pembetatu, akaning'iniza kiti chini yake na kulivuta kwa boti juu ya mto. Ile fremu ya pembetatu ndiyo iliyomwezesha mtu kuliongoza bawa kwa uzito wa mwili wake. Miaka ya 1970 vijana wa California na Australia na Ulaya walikuwa wakiruka nalo kutoka vilimani. Halafu mwaka 1975 John Moody wa Wisconsin akafunga injini ndogo kwenye ndege yake ya kuteleza yenye mabawa mawili yaliyopandana, akaondoka uwanda wa tambarare kwa miguu yake mwenyewe bila kilima chochote. Mwaka uliofuata alionyesha kitu hicho mbele ya umati kwenye maonyesho ya Oshkosh. Mwishoni mwa muongo huo Wafaransa na Waingereza walikuwa wameshaning'iniza kigari cha magurudumu matatu chini ya bawa la kitambaa, na ndege yenyewe ikawa imepatikana.

Serikali nazo zikalazimika kuamua. Marekani mwaka 1982 ilichagua njia ya kuachia: ndege ya kiti kimoja, isiyozidi kilo 115 hivi ikiwa tupu, yenye mafuta yasiyozidi lita 19 na mwendo usiozidi kilomita 102 kwa saa, haihitaji leseni ya rubani wala kusajiliwa. Sheria haikulazimishi hata kufundishwa. Mimi sikubaliani na njia hiyo hata kidogo. Anayejifundisha kuruka peke yake anajifunza kutokana na makosa yake, na angani kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Wapenzi wa ndege hizi waliunda chama chao mwaka 1979, na baada ya ajali za miaka ile ya mwanzo, mabawa yakaanza kudaiwa ushahidi wa uimara kabla ya kuuzwa kwa watu, rubani akadaiwa leseni, na ndege ya viti viwili ikadaiwa kukaguliwa kila mwaka na mkaguzi aliyeidhinishwa. Jambo la kuangalia ni kwamba kazi kubwa ya ukaguzi huo inaendeshwa na chama cha wanachama wenyewe kwa idhini ya mamlaka ya anga. Hilo lishike, tutalirudia.

Sasa twende darasani, maana hapa ndipo penye utamu. Nchini Uingereza leseni ya maikrolaiti inataka saa zisizopungua 25 za kuruka, 10 kati ya hizo ukiwa peke yako, na mitihani mitano ya kuandika: sheria za anga, usomaji wa ramani na njia, hali ya hewa, ufundi wa ndege, na mwili wa binadamu, yaani namna uchovu, pombe, mafua na woga vinavyoharibu uamuzi wa rubani. Saa 25 ni kiwango cha chini tu. Wengi huhitaji zaidi, na mwalimu mzuri hamharakishi mtu.

Hebu keti. Katika ndege ya bawa la kitambaa, kiti cha mbele ni chako wewe mwanafunzi. Mwalimu yuko nyuma yako, magoti yake yamekubana ubavuni, na sauti yake inakujia kwenye vipokea sauti vilivyo ndani ya helmeti. Mlango hakuna, paa hakuna, na chini ya miguu yako kuna kipande cha sakafu kisichozidi sinia kubwa. Mbele ya kifua chako kuna mwamba wa alumini ulioshuka kutoka kwenye bawa. Huo ndio usukani wako wote. Ukiusukuma mbele, pua ya bawa inainuka na mwendo unapungua. Ukiuvuta kifuani, pua inashuka na mwendo unaongezeka. Ukiusukuma kulia, ndege inakwenda kushoto.

Hapo ndipo aliyezoea pikipiki au gari anapotoka jasho. Sababu yake ni kwamba hulisukumi bawa. Unausukuma mwili wako na kigari chote chini ya bawa, na bawa hulalia upande ulikohamia uzito. Ukishalielewa hilo kwa kichwa, bado mikono inahitaji saa kadhaa kulikubali. Tena ukiwa ardhini unaongoza gurudumu la mbele kwa miguu, na mguu wa kulia ukisukuma, gurudumu linageukia kushoto. Mafuta yako chini ya mguu wa kulia, breki chini ya wa kushoto. Kwa hiyo masomo ya mwanzo ni ya kuushawishi mwili usahau barabara.

Kuna aina ya pili, yenye bawa gumu, mkia, fimbo ya mkononi na pedeli, inayofanana zaidi na ndege tunazozijua. Ina kasi zaidi, inakinga upepo na mvua, na inamfaa anayetaka safari ndefu. Sitaikalia sana leo, kwa kuwa bawa la kitambaa ndilo lililo rahisi kupatikana na ndilo linalofundisha upepo waziwazi. Unausikia upepo shavuni. Ukipunguza mwendo kupita kiasi, sauti yenyewe inakuonya kabla ya kipimo chochote.

Na somo la kupunguza mwendo ni somo lenyewe hasa. Mwalimu anakupandisha mpaka pawe na nafasi ya kutosha chini yenu, anakwambia upunguze mafuta na usukume mwamba taratibu. Pua inainuka. Mvumo wa upepo kwenye nyaya unafifia, mwamba unakuwa mzito mikononi, ndege inatikisika kidogo. Halafu bawa linaacha kubeba. Kinachotokea ni kwamba pembe ya bawa dhidi ya upepo imezidi kiasi, nyuzi 15 hivi, na hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri juu ya mgongo wa bawa imebanduka na kuvurugika. Pua inaanguka mbele. Ukivuta mwamba kidogo, mwendo unarudi, hewa inashika tena, na umepona. Mwanafunzi anafanya hivyo tena na tena, akiwa moja kwa moja, akiwa anakata kona, mpaka azitambue dalili kabla bawa halijaacha kubeba. Watu wengi hudhani injini ikizimika ndege inaanguka kama jiwe. Haianguki. Bawa linaendelea kubeba mradi mwendo upo. Kinachoangusha ni rubani aliyeogopa ardhi, akainua pua kupita kiasi akidhani anaongeza umbali.

Ndiyo maana mwalimu huzima mafuta bila taarifa. Mnakwenda zenu mkitazama mashamba, ghafla injini inanyamaza, na sauti inauliza nyuma yako: utatua wapi? Maikrolaiti ya kitambaa iliyo juu mita 300 bila injini na bila upepo mkali ina kilomita mbili hivi za kuteleza. Ndani ya hizo uwe umechagua uwanja, umejua upepo unatoka wapi kwa kutazama moshi au mawimbi ya lambo, na umekwishaona nguzo za umeme. Nyaya zenyewe hazionekani kutoka juu. Unatafuta nguzo, kisha unazihesabu nyaya kuwa zipo. Rubani aliyefunzwa vizuri haachi kujiuliza swali hilo hata siku moja, hata kama injini yake inaimba vizuri miaka kumi.

Siku ya kuruka peke yako haitangazwi. Mwalimu anashuka baada ya kutua mara kadhaa, anafunga mikanda ya kiti chake kitupu isije ikachezacheza, anakwambia zunguka mara moja utue. Unapokanyaga mafuta, ndege inaondoka ardhini mapema kuliko ulivyozoea na kupaa kwa nguvu, kwa sababu kilo 80 za mwalimu zimebaki zimesimama kwenye nyasi. Kila aliyeruka anaukumbuka ule wepesi. Baada ya hapo zinakuja safari mbili za kutoka kiwanja hadi kiwanja ukiwa peke yako, kila moja isiyopungua maili 40 za baharini, yaani kilomita 74, ukisoma mito, reli na milima kwenye ramani. Halafu mtihani wa kuruka, halafu leseni.

Leseni ikishapatikana, mtu anataka chake. Hapa nitatulia kidogo, msikilizaji, kwa kuwa kumiliki ndege ni kazi tofauti kabisa na kuirusha, na ndiyo inayomweka mtu hai.

Kila asubuhi kabla ya kuruka, swichi za moto zikiwa zimezimwa, mwenye ndege anaizunguka kwa mikono yake. Anaanza na bolti moja. Katika ndege hii kigari chote, injini, mafuta, na watu wawili, vimening'inia kwenye bawa kwa bolti moja kubwa, pamoja na kamba au waya wa akiba. Anaigusa, anaitazama nati yake, anaitazama pini ya usalama iliyopita kwenye nati. Kisha anapitisha vidole ukingo wa mbele wa bawa kutoka ncha hadi ncha, akitafuta mbonyeo. Anafungua zipu ya kitambaa na kuchungulia ndani kwenye boriti ya alumini inayolitandaza bawa. Anahesabu fito zote za bawa na kuhakikisha kila moja imefungwa mwisho wake. Anagonga pangaboi kwa kucha na kusikiliza. Kokoto moja ya kiwanja cha changarawe inaweza kuacha mkato ambao kwa maelfu ya mizunguko kila dakika unageuka ufa. Anatoa mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo na kuyatazama dhidi ya mwanga, kwani maji yaliyoingia yatakaa chini ya petroli kama shanga. Na kwetu huku angeongeza jambo moja: achungulie tundu la kupumulia la tangi. Nyigu wa udongo wanapenda sana matundu ya namna hiyo, na siku mbili zinawatosha kuziba. Tangi lisilopumua litatoa mafuta vizuri ardhini, halafu injini itakauka ukiwa juu ya miti.

Bawa lenyewe lina adui mmoja mkubwa, na adui huyo kwetu anawaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Jua hula nyuzi za kitambaa polepole. Mtu wa pwani anaijua hali hii kwa tanga la ngalawa: kwa macho bado ni tanga, lakini ukilivuta kwa dole gumba linachanika. Huko Uingereza wakaguzi hukipima kitambaa cha bawa kwa kuchoma sindano na kuivuta kwa chombo chenye springi ya kupimia nguvu, na kitambaa kikishindwa, bawa halipewi kibali. Anayeacha ndege yake nje karibu na ikweta, hata kwa kuifunika turubai juujuu, anajipunguzia miaka ya bawa lake. Banda la kuilaza ndege, kwa hiyo, linaingia kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na bima.

Injini nazo ni za kuchagua kwa akili. Nyingi zinatoka kiwanda kimoja cha Austria, Rotax. Ile Rotax 582, ya viharusi viwili, inayochanganyiwa oili na petroli kama pikipiki za zamani, ni nyepesi, ina nguvu farasi 64 hivi, na kuinunua ikiwa imetumika si ghali. Lakini kiwanda kinataka ifanyiwe matengenezo makubwa kila baada ya saa 300, na injini za aina hiyo zikipata joto kupita kiasi hukamata na kusimama ghafla. Rotax 912, ya viharusi vinne, yenye nguvu farasi 80, ni nzito na bei yake inauma, ila inaruhusiwa kufika saa 2,000 kabla ya matengenezo hayo, na inakubali petroli nzuri ya kituo cha kawaida. Ushauri wangu kwa watu watano ninaowazungumzia ni kwamba wasubiri mwaka mmoja zaidi wachangie hiyo ya pili.

Naam, watu watano. Uingereza ndege nyingi za aina hii zinamilikiwa kwa hisa: watu wanne, watano, wakati mwingine zaidi, wameandikiana mkataba. Kila mmoja analipa mchango wa mwezi wa banda, bima na ukaguzi, na kila anayeruka analipa kwa saa, fedha hizo zikiwekwa akiba ya injini ijayo. Msikilizaji, sisi kitu hicho tunakijua kuliko wao! Kenya wanakiita chama, Tanzania wana vikoba, na wanawake wa nchi zetu wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa utaratibu huohuo. Kuna daftari, kuna mweka hazina, kuna faini ya kuchelewa. Sharti moja tu ndilo ningeliongeza kwa chama cha ndege: mwanachama yeyote, hata aliyeingia jana, akisema leo hairuki kwa kuwa ameona kitu asichokielewa, ndege inabaki bandani mpaka fundi aje, na hakuna wa kumuuliza kwa nini alituharibia Jumamosi.

Lakini je, anga letu linazifaa? Linazifaa, kwa masharti yake. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mchana wa joto la nyuzi 27, hewa ya pale inakuwa nyepesi kama ya mita 2,500, na injini isiyo na msaada inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Aliyefunzwa Mombasa au Tanga akipanda bara lazima afundishwe upya urefu wa njia ya kurukia. Kisha kuna joto la ardhi. Kuanzia saa nne asubuhi, nyanda za Athi, Serengeti au Dodoma huanza kurusha juu nguzo za hewa ya moto, chamchela zinazunguka na vumbi lake, na ndege ya kilo 450 hurushwarushwa humo bila huruma. Kwa hiyo kuruka kwetu ni kwa alfajiri, tangu kupambazuka hadi saa tatu, na tena saa moja kabla ya machweo.

Nguzo hizohizo za hewa ndizo wanazopandia tumbusi. Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, kijana Mjerumani wa miaka 24 aliyekuwa na baba yake Bernhard wakihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, aligongana na tumbusi na kufa. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hesabu yao ilisaidia dunia kuelewa njia za nyumbu wahamao, na kifo chake bado ni somo kwa kila arukaye chini chini mchana katika nchi zetu.

Na kazi zipo. Bathawk, maikrolaiti ya bawa gumu inayoundwa Afrika Kusini, imetumika katika doria dhidi ya ujangili barani, Tanzania ikiwemo, kwa kuwa inaruka polepole kiasi cha askari kuona nyayo na moshi, na inatua palipo na kipande kifupi cha ardhi. Huko Livingstone, Zambia, maikrolaiti zimekuwa zikiwapandisha watalii kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kutoka juu. Bill Lishman wa Kanada mwaka 1993 aliwaongoza mabata bukini 18 kutoka Ontario hadi Virginia wakiifuata ndege yake kama mama yao, na kuanzia mwaka 2001 njia hiyo ikatumika kuwafundisha korongo weupe walio hatarini safari ya karibu kilomita 2,000 kutoka Wisconsin hadi Florida. Brian Milton, Mwingereza, mwaka 1998 aliizunguka dunia kwa bawa la kitambaa katika siku 120. Ndege ndogo, mambo makubwa.

Historia yetu wenyewe ya urubani ina pengo, na ni vizuri tuliseme. Aero Club of East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1927. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929. Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kufunzwa urubani Kenya, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mwaka 1936 kuelekea magharibi. Ni sifa kubwa, lakini enzi hizo anga lilikuwa la walowezi. Mwafrika alikuwa wa kusukuma ndege na kujaza petroli. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, na wananchi wakaanza kupata njia ya kuwa marubani wa kazi. Tukawa na klabu ya wenye mali na chuo cha wenye ajira. Mahali pa mwananchi anayetaka tu kuruka, kwa mkono wake, kwa ndege ya chama chake, palibaki padogo mno.

Matokeo yake tunayaona kwenye habari. Kila baada ya muda anajitokeza kijana, leo kijijini huku, kesho mji mwingine, ameunda ndege au helikopta uani kwa mabomba, injini ya pikipiki na mabati. Waandishi wanamiminika, watu wanacheka au wanashangilia, polisi wanafika kumzuia, na habari inaishia hapo. Kumzuia ni sawa. Ndege isiyokaguliwa ni hatari kwake na kwa nyumba za jirani. Kinachonisikitisha ni kwamba baada ya kumzuia hatuna pa kumpeleka. Kijana yuleyule angekuwa Uingereza au Ufaransa, angekuta klabu kwenye kiwanja cha nyasi, mkaguzi mwenye subira, michoro ya ndege ambayo imekwishapimwa, na wazee wa kumwambia kwamba bolti ya duka la vifaa vya ujenzi haibebi mtu angani. Angeunda ndege halali ndani ya miaka michache, na pengine angekuwa fundi wa injini za ndege kwa maisha yake yote.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa heshima zote. Mamlaka za usafiri wa anga za Kenya, Tanzania na Uganda zikae pamoja na klabu zilizopo, ziandike utaratibu mmoja mwepesi wa ndege hizi, unaotambulika pande zote za mipaka, na ziziruhusu klabu hizo kufanya ukaguzi chini ya usimamizi wao, kama Waingereza walivyofanya. Klabu nazo zifungue milango siku moja kila mwezi kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, waje washike boriti na fito na kabureta. Na wewe msikilizaji uliye na kikoba chenye nidhamu na hamu ya anga tangu utotoni, tafuta wenzako wanne mnaoaminiana, nendeni kwenye kiwanja kidogo kilicho karibu nanyi asubuhi na mapema, mwulizeni mwalimu gharama ya saa moja ya somo, na mmoja wenu aanze. Mwiteni pia yule kijana wa mtaani kwenu anayeunda ndege uani, aje kuwa fundi mwanafunzi wa chama chenu kabla hajapanda kile alichokiunda.